Pawatila Zilikuja Bila Fundi: Uchambuzi wa Kisa cha Skimu Moja ya Mpunga Tanzania na Somo Lililotoka Bangladesh

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika skimu ya umwagiliaji wa mpunga iliyoko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia msimu wa 2010/2011 na katika miaka michache iliyofuata. Majina ya kijiji, halmashauri, chama cha wakulima na muuzaji wa mashine yameondolewa, na baadhi ya mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Mtiririko wa matukio na sababu za maamuzi vimeachwa kama vilivyokuwa, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyomfaa afisa zana, afisa ugani au kiongozi wa ushirika anayejiandaa kupokea mashine kutoka nchi nyingine inayoendelea, au kupeleka ujumbe wa kujifunza huko.

Nimekichagua kwa sababu nchi zetu zimekuwa zikibadilishana mashine za kilimo kwa miongo mingi, lakini mara chache hubadilishana maarifa ya namna mashine hizo zinavyoendeshwa, zinavyotengenezwa na zinavyojilipa. Skimu hii ilipitia hali zote mbili, kwanza ikapokea mashine peke yake, kisha ikaenda kutafuta maarifa, na tofauti ya matokeo inaonekana wazi.

Skimu na mashine zake

Skimu inahudumia wakulima mia kadhaa, wengi wao wakiwa na majaruba ambayo jumla yake haizidi ekari mbili kwa kaya. Maji hutoka mtoni kupitia banio lililojengwa miaka mingi iliyopita na kugawanywa kwa mfereji mkuu na mifereji midogo, ambayo kila mmoja una kamati yake na zamu zake. Mpunga hulimwa mara moja kwa mwaka. Kabla ya mashine kufika, majaruba yalilimwa kwa plau ya maksai, kisha yakachavangwa na kusawazishwa kwa jembe la mkono, kazi nzito inayofanywa ndani ya maji kwa siku kadhaa kwa kila ekari. Mkulima aliyechelewa kupata maksai au vibarua alichelewa kupandikiza, na miche iliyozeeka kitaluni humpunguzia mavuno hata kama atapalilia vizuri na kuweka mbolea.

Mwezi Agosti 2009 Rais Jakaya Kikwete alizindua azma ya Kilimo Kwanza, na zana za kisasa zikawa miongoni mwa mambo yaliyosukumwa kwa nguvu. Halmashauri nyingi, kwa kutumia fedha za Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Kilimo iliyoanza 2006 pamoja na michango ya wakulima wenyewe, ziliagiza pawatila na kuzigawa kwa vikundi. Pawatila ni trekta dogo la magurudumu mawili ambalo dereva hulifuata kwa nyuma akiwa ameshika mikono yake. Zile zilizofika katika skimu hii zilikuwa na injini ya dizeli ya silinda moja, yenye nguvu za farasi zipatazo 12, inayowashwa kwa hendeli na kupozwa kwa maji yaliyo katika tangi dogo juu yake, na kila mashine ilikuja na rotaveta (kifaa chenye visu vinavyozunguka na kuchavanga udongo), plau na magurudumu ya chuma ya kufanyia kazi kwenye tope. Trela zilikuja mbili tu kwa mashine nne.

Uamuzi wa kupeleka pawatila kwenye skimu ya mpunga ulikuwa sahihi, na ni vyema kulisema hilo mapema. Maeneo mengine nchini yalipelekewa mashine hizo hizo kwa ajili ya mashamba makavu yenye udongo mgumu, ambako nguvu za farasi 12 hazitoshi, na zikaishia kubeba maji na kuni. Hapa udongo, maji na ukubwa wa majaruba vyote viliifaa mashine. Hata hivyo ilishindwa.

Misimu miwili ya kwanza

Mashine zilikabidhiwa kwa chama cha wakulima. Kamati iliteua vijana wanane, wawili kwa kila mashine, wakapewa mafunzo ya siku chache na mtu aliyeletwa na muuzaji, ambaye aliwafundisha kuwasha, kuendesha na kubadilisha oili. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa kwa Kichina na Kiingereza. Bei ya kulimiwa ilipangwa katika mkutano mkuu, na kwa kuwa wapiga kura ndio waliokuwa wateja, iliwekwa chini ya ile ya maksai, bila hesabu ya dizeli, ya vipuri wala ya uchakavu. Madereva walilipwa posho kwa siku.

Maji yalipofunguliwa, kila mwanachama alitaka kulimiwa katika wiki ile ile. Mashine zilihamishwa kutoka mwisho mmoja wa skimu hadi mwingine kufuatana na nani ana sauti ofisini, zikapoteza saa nyingi njiani, na mara nyingi dereva aliyezipokea asubuhi hakuwa yule aliyeziacha jioni. Hapo ndipo ulipoanza ubovu ambao ningependa kila anayesoma auelewe, kwa sababu nimeuona katika skimu nyingi.

Katika jaruba lenye maji, ekseli ya pawatila huzunguka ndani ya tope mchana kutwa. Kinachozuia tope lisiingie kwenye gia boksi ni sili ya mpira, kitu kidogo kinachoenea kiganjani na chenye bei ndogo sana ukilinganisha na mashine. Sili hukatwa na mchanga, nyasi na mabua yanayojizungusha kwenye ekseli, na dereva anayejali huyaondoa kila anapopumzika. Sili ikishaharibika maji hupenya, na mtu akifungua kifuniko cha gia boksi ataikuta oili imekuwa nyeupe kama maziwa. Hiyo ni alama ya kusimamisha kazi siku hiyo hiyo, kumwaga oili, kubadilisha sili na kuweka oili mpya. Katika skimu hii hakuna aliyekuwa amefundishwa kuisoma alama hiyo, na dereva mmoja aliyeiona alidhani oili imekuja na rangi hiyo kutoka kiwandani. Mashine iliendelea kulima hadi beringi zikala, gia zikasagana, na hitilafu ambayo ingetatuliwa na sili moja ikadai gia boksi nzima.

Chama kiliandika barua kwa halmashauri, halmashauri ikamwandikia muuzaji, na muuzaji akajibu kwamba vipuri vitaagizwa. Msimu wa pili ulianza na mashine mbili, ukaisha na moja. Fedha zilizokusanywa hazikuwa zimetengwa kwa ajili ya matengenezo, na baada ya kulipa posho na dizeli kilichobaki hakikutosha hata mikanda. Mashine tatu zilikaa kwenye banda la ofisi ya skimu, na wakulima wakarudi kwa maksai wakiwa na imani kwamba vitu vya Kichina ni vibovu.

Nani aende Bangladesh

Miaka mitatu baada ya mashine kufika, ilipatikana nafasi ya kupeleka ujumbe mdogo Bangladesh kupitia mpango wa ushirikiano. Katika kipindi hicho hicho watafiti walikuwa wakilishughulikia suala la matrekta ya magurudumu mawili katika nchi kadhaa za Afrika, na mradi mmoja ulioongozwa na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, kwa fedha za Australia ulikuwa umeanza 2013 nchini Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zimbabwe, ukitumia uzoefu wa Asia Kusini. Wazo la kwenda kujifunza kwa wakulima wadogo wenzetu, badala ya Ulaya, lilikuwa limeshapata nguvu.

Orodha ya kwanza ya wasafiri ilikuwa na viongozi wawili wa halmashauri, ofisa mmoja wa mkoa, mwenyekiti wa chama na afisa zana. Afisa zana huyo, mama mwenye uzoefu mrefu wa kufanya kazi na vikundi, aliomba nafasi moja ya uongozi ibadilishwe, apewe fundi wa kijijini anayetengeneza mashine za kukoboa mpunga. Hoja yake ilikuwa kwamba injini za mashine nyingi za kukoboa pale kijijini ni za ukoo mmoja na injini za pawatila, kwa hiyo yule fundi ndiye pekee katika kijiji kizima aliyekuwa tayari anaijua nusu ya mashine. Ombi lilipata upinzani, kwa kuwa fundi hakuwa na cheti wala wadhifa. Lilikubaliwa baada ya mwenyekiti wa chama, mzee anayeheshimika, kusema kwamba kama fundi haendi, yeye pia atabaki.

Naona huu ndio uamuzi uliozaa matunda kuliko mwingine wowote katika kisa hiki, na ulifanyika kabla ya ndege kuruka.

Kilichoonekana huko

Historia ya pawatila nchini Bangladesh inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu wageni wengi huonyeshwa hali iliyopo leo bila kuambiwa ilivyofikiwa. Katika miaka ya 1980 wakulima wengi wa huko walichimba visima vifupi vya bomba na kufunga pampu zenye injini ndogo za dizeli ili wamwagilie mpunga wa kiangazi unaoitwa boro. Injini hizo zilienea vijijini, na pamoja nazo wakaenea mafundi wa kuzitengeneza na wauzaji wa vipuri vyake. Mwaka 1988 mafuriko makubwa yalifunika zaidi ya nusu ya nchi, kimbunga kikafuata mwezi Novemba, na wakulima wakapoteza ng'ombe wengi wa kulimia. Serikali ililegeza masharti yaliyokuwa yakiruhusu aina chache tu za injini na mashine, na wafanyabiashara wakaanza kuingiza kwa wingi injini na pawatila za bei nafuu kutoka China. Leo zaidi ya asilimia 80 ya ardhi inayolimwa Bangladesh hutayarishwa kwa mashine, nyingi zikiwa pawatila, ilhali wakulima wengi hawazimiliki. Mwenye pawatila huwalimia majirani zake kwa malipo, na hiyo ndiyo kazi yake.

Mpangilio huo ndio walioukuta wageni wetu. Mmiliki mara nyingi ndiye dereva, au dereva ni mwanawe au nduguye. Bei hukubaliwa kwa eneo na kwa idadi ya mapito ya mashine shambani, na jirani asiye na fedha taslimu huruhusiwa kumalizia baada ya mavuno. Msimu wa kulima ukiisha, rotaveta huondolewa, trela hufungwa, na injini ile ile hubeba matofali, mpunga, mbolea na watu. Mahali pengine injini huondolewa kabisa na kufungwa kwenye pampu, mashine ya kupura au mashua. Wakulima wengi wa huko huvuna mara mbili, wengine mara tatu kwa mwaka, kwa hiyo hata kulima peke yake huipa mashine kazi katika misimu zaidi ya mmoja.

Viongozi wa msafara walivutiwa zaidi na wingi wa mashine na walipiga picha nyingi mashambani. Fundi wetu aliomba apelekwe gereji. Huko Bogura, mji unaojulikana kwa viwanda vidogo vya kuyeyusha chuma na kuchonga vipuri vya zana za kilimo, alikaa kwa muda mrefu akimtazama kijana akifungua gia boksi ya pawatila juu ya gunia lililotandikwa chini. Kijana hakuwa na vifaa vingi: spana chache, nyundo, kipande cha bomba na kifaa cha kung'olea beringi kilichochongwa pale pale mjini. Alibadilisha sili zote za ekseli bila kusubiri moja iharibike kwanza, kwa maelezo kwamba msimu wa tope unakaribia na bei ya sili ni ndogo mno kumfanya mtu akisie. Fundi aliandika kwenye daftari namba iliyochapwa kwenye kila sili na kila beringi, akapima kipenyo cha ndani na cha nje pamoja na unene, na kabla ya kuondoka alikuwa na orodha kamili ya vipuri vinavyokufa mara kwa mara. Orodha hiyo ilikuwa fupi ajabu: sili, beringi, mikanda, visu vya rotaveta, nozeli, ringi za pistoni na gasketi.

Baada ya kurudi nyumbani aliipeleka Kariakoo, Dar es Salaam, na kukuta kwamba sehemu kubwa ya vipuri hivyo vilikuwa vinauzwa huko siku zote, kwa kuwa beringi na sili ni za vipimo vya kawaida vinavyotumika katika mashine nyingine nyingi. Chama kilikuwa kimesubiri miaka mitatu kitu kilichokuwa dukani, kwa sababu hakuna mtu aliyejua namba ya kuulizia.

Maamuzi baada ya ziara

Pendekezo la kwanza la chama lilikuwa kuuza mashine kwa watu binafsi, kama walivyoona Bangladesh. Halmashauri ilikataa, na ilikuwa na sababu: mashine zilinunuliwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za umma, na taratibu za kuuza mali ya aina hiyo ni ndefu. Aidha, baadhi ya wanachama waliona kuwa kuziuza ni kuwapa wachache mali ya wengi. Mazungumzo yalikwenda na kurudi kwa miezi kadhaa hadi ilipokubaliwa njia ya kati. Mashine zitengenezwe kwa fedha za chama na mchango mdogo wa halmashauri, kisha zikodishwe msimu kwa msimu kwa watu wanne waliochaguliwa kwa masharti ya wazi.

Kila mkodishaji alilipa ada ya msimu kwa chama, nusu mapema na nusu baada ya mavuno. Alijipangia bei yake, akanunua dizeli na oili yake, na matengenezo yote ya kawaida yakawa juu yake. Chama kilibaki na jukumu la hitilafu kubwa ambazo hazikutokana na uzembe, na nani aamue juu ya uzembe ni fundi, si kamati. Ada zote ziliingia katika akaunti ya pekee ya vipuri. Kipengele cha bei kilibishaniwa sana, kwani wanachama waliogopa kulanguliwa. Afisa zana alieleza kwamba wakodishaji ni wanne na maksai bado wapo, kwa hiyo atakayepandisha bei kupita kiasi atakosa kazi, na ndivyo ilivyokuwa.

Fundi alipewa kibanda karibu na ofisi ya skimu na mkopo mdogo wa kuanzia akiba ya vipuri vya orodha yake. Alitakiwa kuwafundisha wakodishaji kufungua kifuniko cha gia boksi na kuiangalia oili kila baada ya siku chache za kazi ya tope, na hakumpa mtu ufunguo wa mashine kabla hajamwonyesha kwa vitendo jinsi ya kubadilisha sili kwa mkono wake mwenyewe.

Jambo la mwisho lilihusu foleni. Ujumbe ulirudi na wazo la kumwachia mwenye mashine achague wateja wake, kama walivyoona huko. Kamati za mifereji zilikataa, zikapendekeza zamu ya kulimiwa ifuate zamu ya maji: mfereji unaopata maji wiki hii ndio unaolimiwa wiki hii, na mashine haitoki kwenye mfereji huo hadi imalize majaruba ya wote waliolipa kianzio cha dizeli. Pendekezo hilo halikutoka Bangladesh wala kwa mtaalamu yeyote.

Matokeo

Katika msimu wa kwanza wa mpangilio mpya mashine zote nne zilifanya kazi hadi mwisho. Sili zilibadilishwa mara kadhaa, na hakuna gia boksi iliyokufa. Kupunguza safari za kuzunguka skimu kuliokoa dizeli na muda, na wakodishaji wenyewe waliokuwa wakitaka uhuru wa kuchagua wateja walikiri kwamba kulima majaruba yaliyopakana kunawalipa vizuri zaidi. Baada ya mavuno mashine zilihamia kwenye trela, zikibeba mpunga kutoka shambani hadi kwenye mashine za kukoboa, na baadaye mchanga na matofali. Misimu miwili baadaye wakulima wawili walinunua pawatila zao wenyewe kwa fedha zao, wakimtumia fundi kama mshauri wa aina ya kununua.

Kulikuwa pia na mambo yaliyoharibika. Mwaka ambao mto ulikauka mapema, wakulima wa mwisho wa mifereji walivuna kidogo na wengi hawakumalizia malipo ya baada ya mavuno. Mkodishaji mmoja alikosa fedha za ada na akaacha kazi. Mmoja mwingine alijaza trela kupita kiasi kwenye mteremko, na kwa kuwa trela halikuwa na breki, mashine ilimshinda na kuingia mtaroni. Aliumia mguu. Chama kilipiga marufuku kubeba abiria na kikamtaka fundi wa kuchomelea afunge breki kwenye trela zote, jambo lililopaswa kuwa katika masharti tangu siku ya kwanza.

Jaribio la kutumia pawatila kulima mahindi kwenye mashamba ya juu, yasiyo na umwagiliaji, lilishindwa kabisa. Visu vya rotaveta viliisha upesi kwenye udongo mkavu, mashine ilirukaruka na kumchosha dereva, na dizeli iliyotumika kwa ekari haikuwa na uwiano wowote na malipo. Wakulima wa mahindi walibaki na maksai na trekta kubwa la kukodi, na ni sawa.

Uchambuzi

Ukilinganisha kipindi cha kwanza na cha pili, mashine ni zile zile, udongo ni ule ule na wakulima ni wale wale. Kilichobadilika ni mambo matatu yaliyoshikamana: mtu anayeumia mashine ikisimama, fundi mwenye vipuri aliye karibu, na kazi ya kuifanya mashine nje ya msimu wa kulima. Katika kipindi cha kwanza ubovu haukumgharimu dereva chochote, kwa kuwa posho yake ilikuwa ya siku na mashine haikuwa yake. Katika cha pili, siku moja ya mashine kulala ilikuwa siku ya kukosa chakula nyumbani kwa mkodishaji. Siamini kwamba vijana wanane wa mwanzo walikuwa wazembe kwa asili, na inanisikitisha kuona taarifa nyingi za miradi zikiandika hivyo. Waliwekwa katika mpangilio ambao haukumlipa mtu yeyote kwa kuondoa nyasi kwenye ekseli.

Kuhusu mafundi, mfuatano wa historia ya Bangladesh una uzito kuliko takwimu zake. Huko fundi alitangulia, pawatila ikamfuata, kwa kuwa pampu zilikuwa zimeshamtengeneza. Nchi inayoagiza pawatila elfu moja bila kuuliza ni nani anayezijua injini zake inaanzia katikati ya hadithi. Lakini kisa hiki kinaonyesha pia kwamba nafasi ya pampu za Bangladesh kwetu inashikwa na mashine za kusaga na kukoboa. Karibu kila kijiji kikubwa cha Tanzania kina mashine hizo na mtu anayezitengeneza, na mtu huyo huwa haitwi kwenye mafunzo ya zana za kilimo kwa sababu hahesabiwi kuwa mkulima wala mtumishi.

Suala la kazi ya mwaka mzima linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo tofauti za nchi zinapouma. Bangladesh ina watu zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita ya mraba. Tanzania Bara na Visiwani kwa pamoja, kwa sensa ya 2012, ilikuwa na watu 51. Mwenye pawatila wa Bogura ana wateja kila upande wa nyumba yake, juu ya udongo laini wa mito, kwa misimu miwili au zaidi. Wa kwetu ana msimu mmoja, na akitoka nje ya skimu anakutana na udongo unaokula visu na umbali unaokula dizeli. Kwa hiyo trela, ambalo katika zabuni nyingi huhesabiwa kuwa nyongeza na hupunguzwa fedha zikipungua, kwa mazingira yetu ni sehemu ya lazima ya mashine, na likija lazima lije na breki. Mtu anayepanga bajeti ya mashine nne na trela mbili anafaa kujua kwamba amenunua mashine mbili zitakazojilipa na mbili zitakazosubiri msimu ujao.

Malipo ya baada ya mavuno nayo hayakusafiri yakiwa mazima. Bangladesh mkopo wa namna hiyo hubebwa na msongamano wa mavuno: aliyekosa mavuno ya msimu huu ana mengine miezi michache mbele. Skimu yetu ilirithi ukarimu huo bila kuwa na msimu wa pili wa kuufidia, na mwaka wa ukame ulimwangukia mkodishaji peke yake. Baada ya tukio hilo chama kiliruhusu sehemu ya ada isamehewe mwaka ambao kamati ya maji imethibitisha upungufu, ambayo ni hatua nzuri, ingawa inapunguza akaunti ya vipuri katika mwaka ule ule ambao wakodishaji wana kipato kidogo. Sijaona skimu iliyolitatua hili kikamilifu.

Zamu ya kulimiwa kufuata zamu ya maji inastahili kuzingatiwa na wataalamu wa pande zote mbili. Katika mipangilio ya soko huria ya huduma za trekta, wanaoachwa nyuma ni wale wenye vijaruba vidogo vilivyo mbali na barabara, na katika skimu hii wengi wao walikuwa wanawake wanaolima wenyewe, wakiwemo wajane waliogawiwa maeneo ya mwisho wa mfereji. Kwa kufungamanisha mashine na maji, mama mwenye robo ekari alilimiwa siku ile ile na jirani yake mwenye ekari mbili, alimradi ametuma kianzio chake kwa simu. Ikiwa ushirikiano kati ya nchi zinazoendelea una maana, basi utaratibu kama huu unapaswa kuandikwa na kupelekwa kwa wengine kama tulivyopokea vya kwao.

Kuna hoja ninayopenda kuiweka wazi kwa wapangaji wa ziara. Skimu ya Lower Moshi, iliyokamilika 1987 kwa msaada wa Japani, na kituo cha mafunzo ya kilimo cha KATC kilichoanza Moshi 1994, vilikuwa na uzoefu mkubwa wa mpunga wa umwagiliaji na zana zake miaka mingi kabla ya Kilimo Kwanza. Skimu ya kisa hiki haikupeleka mtu Moshi kabla ya kupokea mashine, na pengine basi moja la mkoani lingezuia gia boksi tatu kufa. Ziara ya nje ilileta kitu ambacho Moshi isingeweza kutoa, yaani picha ya nchi ambako huduma ya pawatila ni biashara ya kawaida ya kijiji, lakini elimu ya sili na oili ingepatikana kwa nauli ndogo.

Suala la umiliki bado liko wazi. Mkodishaji wa msimu mmoja huitunza mashine kuliko dereva wa posho, ila si kama mwenye mali, na fundi ameripoti kwamba wakodishaji huahirisha matengenezo yanayoweza kusubiri hadi mkataba uishe. Chama kimependekeza mkataba wa miaka mitatu unaompa mkodishaji aliyelipa ada zote haki ya kwanza ya kununua mashine kwa thamani itakayokadiriwa na mtathmini wa halmashauri, huku fedha za mauzo zikinunua mashine nyingine za kukodisha. Pendekezo liko mezani kwa halmashauri, pamoja na kiambatisho cha kurasa mbili kilichoandikwa na fundi: orodha ya vipuri vinavyokufa mara kwa mara, namba zake, na maombi kwamba kila zabuni ijayo ya pawatila imtake muuzaji kuleta akiba ya vipuri hivyo siku ile ile anayoleta mashine.